Jina Ulilolibeba hadi Ikweta

Bwera, Jumapili alasiri

Biira mwanangu,

Mambo ya blanketi, sabuni na dawa ya malaria mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne nimemsikia jirani akimsaidia. Mimi siyarudii. Ukisahau mswaki utanunua mwingine. Ninalotaka kukuambia mimi ni jambo ambalo usipolisikia kwangu utalisikia kwa mtu mwingine huko uendako, na hilo ndilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, hapa nyuma ya nyumba, karatasi nimeilaza juu ya usukani. Mezani kuna nafasi, lakini unapitapita pale na nguo unazokunja, na kila ukipita unaniuliza, "Papa, unaandika nini?" Ningeshindwa. Nakuandikia kwa Kiswahili nilichokiokota Mombasa nilipokuwa taniboi wa malori. Lhukonzo ndiyo lugha niliyokubembelezea ulipokuwa mdogo, nami leo sitaki kukubembeleza wala kujibembeleza.

Kwanza niseme hili bila kulizungusha: najivunia wewe. Wiki hii kila abiria aliyekaa mbele humu amejua kwamba binti yangu, binti wa Kule, amechukuliwa kuwa askari wa mbuga, hata wale waliokuwa wanataka kusinzia. Juzi mpakani Mpondwe afisa wa forodha aliniomba karatasi za mzigo, nikamwonyesha picha yako kwenye simu. Akasema, "Muzee, mutoto ni muzuri, lakini karatasi iko wapi?" Nikamwambia atazame tena ile picha vizuri, jinsi ulivyosimama. Mama yako anasema nimekuwa kero. Ni kweli, na sina mpango wa kuacha.

Sasa sikiliza, na usiache kusoma katikati.

Unalikumbuka shamba letu la Nyakiyumbu. Ulikuwa darasa la sita mwaka ule mahindi yalipokubali kuliko miaka yote, yakafika mahali pa kuchomwa, na mimi nikaanza kutembea kijijini kama tajiri. Ndovu walitoka mbugani usiku mmoja tu. Asubuhi tulikuta shamba lote limelala chini, na mama yako akakaa pembeni, akafungua kitambaa cha kichwa na kukiweka magotini kama mtu aliyefiwa. Walikuja askari wa mbuga wawili, wale ambao huku tunawaita bagemu. Mmoja alipima shamba kwa hatua zake, mwingine akaandika kwenye kitabu. Akaniuliza jina langu, akasema ripoti itapanda juu.

"Ikisha kupanda, itashuka lini?" nikamuuliza.

Akafunga kitabu, wakaondoka. Ripoti ile haikushuka mpaka leo, na muhula ule wewe ulikaa nyumbani kwa sababu ada yako ilikuwa ndani ya yale mahindi. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Hata sasa nasema nilikuwa na haki. Kosa langu halikuwa hasira. Kosa lilikuja baadaye, nilipotafuta mtu wa kuimwagia.

Haukupita mwezi. Nilikuwa nimepakia makreti ya nyanya ya Hajji Sadiki, yule mfanyabiashara wetu wa Bwera, nayapeleka Kasese yawahi lori la Kampala. Ilikuwa asubuhi, saa mbili hivi. Katika kile kipande cha barabara kinachokatiza mbuga kabla ya kufika Kikorongo, nikaona askari amesimama katikati ya lami, mikono juu. Mwenzake alikuwa amelala kwenye nyasi, mguu umefungwa shati, na lile shati halikuwa na rangi yake tena. Alikuwa amekanyaga mtego wa chuma, ule wenye meno unaotengenezwa kwa springi za gari. Mtego ulikuwa wa simba. Redio yao ilikuwa imekufa na gari hawakuwa nalo.

"Muzee, saidia," yule aliyesimama akasema. "Bwambale anaisha. Tupeleke Kasese."

Sikuwa na abiria, Biira. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, nilikuwa nimeweka koti langu tu.

"Gari imejaa," nikasema.

Akachungulia dirishani. "Na hii kiti?"

"Mulipokuja kwa shamba yangu mulikuwa na kitabu," nikamwambia. "Basi andikeni ripoti. Itapanda."

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona yule askari bado ameinua mikono, kana kwamba ameisahau huko juu. Na yule aliyelala alikuwa amegeuza kichwa, anatazama nyuma ya gari langu. Unajua kilichokuwa kimeandikwa pale nyuma wakati huo. Wewe mwenyewe ulijifunza kusoma kwa herufi zile, nyekundu, kubwa kama mkono wa mtu mzima: TUKO PAMOJA.

Nyanya ziliwahi lori. Jioni nilirudi Bwera nikamsimulia Hajji, na ninaona aibu kukuambia kwamba nilimsimulia kama mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa ananawa miguu apate kuswali. Akaacha birika.

"Kule," akasema, "nyanya yangu usiitumie kujificha. Nyanya ikioza nitanunua ingine. Mutu akioza utanunua wapi?"

Msimu mzima hakunipa mzigo. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini sipakii tena kwa Hajji, nami nikasema amepata dereva wa bei nafuu. Baadaye nilisikia kwamba yule askari alilala pale barabarani hadi mchana ndipo gari lingine likambeba, na kwamba mguu ulikatwa chini ya goti. Kama ningembeba asubuhi, je, ungepona? Sijui. Miaka yote hii nimejaribu kujiambia usingepona, na kila mara najiuliza kama usingepona, mbona nahitaji kujiambia?

Wiki iliyofuata nilinunua kopo la rangi ya buluu nikapaka nyuma ya gari. Uliporudi kutoka kisimani ukauliza maneno yamekwenda wapi. Nikasema kutu. Huo ndio uongo wa kwanza niliokuambia juu ya jambo hili. Baada ya hapo sikudanganya tena, nilinyamaza tu, na nimegundua kunyamaza kunachosha kuliko uongo, kwa sababu uongo unausema mara moja ukaenda zako.

Wewe ukakua, ukaenda sekondari. Nikafikiri limepita.

Halafu siku ile sokoni redio ya Kasese ikatangaza mbio. Ulikuwa umesimama kando yangu, kwa yule mama muuza vitunguu. Mtangazaji akasema watu watakimbia kutoka Kasese hadi Ikweta kuwachangia askari wa mbuga: viatu, mikoba ya huduma ya kwanza, na gari la kubebea majeruhi, maana kuna askari aliwahi kulala kando ya barabara nusu siku na magari yakimpita. Soko zima lilisikitika. Mama wa vitunguu akasema kwa Kiswahili cha Kongo, "Batu beko na roho ngumu." Nami, baba yako, nikaitikia, "Sana." Nilijishikiza kwenye lile neno 'magari'. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kusikia kwamba tulikuwa wengi.

Nilipogeuka kukutazama, nikaona uso wako umekwisha kuondoka. Ulikuwa tayari unakimbia.

Mazoezi yako yalitutia wazimu. Kila alfajiri ulipanda mlima na raba zako zilizopasuka ubavuni, na wanawake waliokwenda shambani wakikuuliza, "Biira, ni nani anakukimbiza?" Watu waliniambia mtoto wangu amerukwa na akili. Mimi nilikutania zaidi ya wote, na utani wangu ulikuwa na uchungu ndani yake. Siku moja nikakuambia, "Unawakimbilia watu ambao wanyama wao walikula ada yako?" Ulikuwa unakula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Papa, ndovu haikuletwa na askari. Lakini asubuhi askari ndiye alikuja. Ndovu haikukuja kusema pole."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia mafuta ya injini.

Kisha ukaanza kuchangisha. Nilikuona ukipita meza kwa meza katika soko la Bwera, na nilitegemea watakufukuza, kwa sababu nani hapa hana shamba lililoliwa? Wengine walikutolea maneno, ndiyo. Ulisimama ukayasikiliza mpaka mwisho, halafu ukaomba tena. Waliokosa pesa wakakupa maharage kwa kikombe, vitunguu, kitambaa cha kitenge, mama mmoja akakupa kuku. Hajji Sadiki alitoa kreti la nyanya, akanitazama mimi alipokuwa akikukabidhi wewe. Na kama ilivyo desturi yetu kanisani, vile vitu vikapigwa mnada baada ya ibada ya Jumapili.

Hapo ndipo nilipofanya kituko kilichokuchekesha mwaka mzima. Kuku yule alikuwa mwembamba, ana jicho moja bovu. Mwalimu wa kwaya akataja bei, mimi nikapanda. Akapanda, nikapanda. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani nafanya mzaha. Nilipoacha kupanda nilikuwa nimenunua kuku kwa bei ya mbuzi. Ulikumbatia shingo yangu mbele ya kanisa zima ukasema, "Papa yangu," na mimi nikawa nimesimama pale na kuku kwapani, najisikia mwizi. Ndiye huyo mnayemwita Rangeri, ambaye hatagi wala hachinjwi.

Siku ya mbio ulikuwa umekwisha kuniuza. Uliwaambia wenye kamati kwamba papa ana gari, na papa atafuata nyuma ya wakimbiaji, abebe maji na kuwaokota watakaoshindwa. Ningekataaje? Tukatoka Bwera bado kuna umande, tukafika uwanjani Kasese. Kulikuwa na kikapu chenye vitambaa vyeupe vilivyokunjwa, kila kimoja kimeandikwa jina la askari, na kila mkimbiaji alichota kimoja akakipiga pini mgongoni, akimbie kwa niaba ya mtu huyo. Ulichota. Ukanigeuzia mgongo nikupigie pini, nami nikasoma: BWAMBALE.

Vidole vyangu vilikudunga, unakumbuka? Ukaruka ukanicheka, ukasema mikono ya dereva haijui sindano.

Nikajituliza. Kwetu mtoto hupewa jina kufuata zamu ya kuzaliwa. Wewe ni Biira kwa kuwa ni binti wa pili, mimi ni Kule kwa kuwa ni mvulana wa nne, na kila nyumba yenye wavulana wawili ina Bwambale wake. Ukisimama katika soko la Bwera ukaita Bwambale, nusu ya wanaume watageuka. Kwa hiyo nikajiambia huyu ni mwingine. Lazima awe mwingine.

Ulianza kwa fujo kama kawaida yako, ukiwa mbele ya watu waliokuzidi mazoezi, na kabla hatujautoka mji vizuri walikuwa wamekuacha. Ukarudi nyuma kundi kwa kundi mpaka ukawa mtu wa mwisho, mbele kabisa ya kioo changu. Wewe ulidhani nimekaa nyuma yako kukulinda. Mimi, mwanangu, nilikuwa nasoma. Gari linakwenda mwendo wa kutembea, jua la Kasese linapanda, na mbele yangu hakuna kitu kingine cha kutazama. Jina lile liliruka juu chini, juu chini. Mara linakunjamana, mara linanyooka. Nilijaribu kutazama mlima, nikajaribu kutazama mashamba ya pamba. Macho yalirudi.

Tulipofika Muhokya ukaanguka. Hukuanguka, ulikaa, najua utanisahihisha. Msuli wa mguu ulikuwa umekaza kama kamba, na mama mmoja muuza mapapai akakumwagia maji na kukukanda. Nyuma ya gari langu tayari walikuwa wamelala watu sita, wanaume wenye vifua, wamechoka. Nikateremka.

"Panda," nikakuambia.

"Bado, papa."

"Hata wanaume wamepanda. Panda, hakuna atakayekucheka."

Ukainua uso. Machozi yalikuwa yamechanganyika na jasho, sikujua kipi ni kipi. Ukasema, "Nikipanda, huyu mutu nitamuacha hapa kwa njia?"

Ulikuwa unasema juu ya kitambaa. Najua. Lakini mimi nilibaki nimesimama kwenye vumbi la Muhokya kana kwamba umenipiga kofi, na ndiyo maana sikukujibu, nikarudi garini na kufunga mlango. Ulidhani nimekasirika. Siku ile usiku uliniomba radhi kwa kukataa amri yangu, nami nikaipokea ile radhi. Irudishe sasa, haikuwa yangu. Sikukuita upande kwa sababu nilikuhurumia. Nilikuita kwa sababu nilitaka ugeuke, ukae nyuma yangu, nisilisome tena jina lile. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mguu mmoja uliokaza, ukaelewa jambo ambalo baba yako hakulielewa akiwa na kiti kitupu.

Ulisimama. Ukachechemea. Halafu ukakimbia zile mbio zako za ajabu, mguu mmoja unakimbia na mwingine unaburuzwa, na wale sita waliolala nyuma yangu wakaamka wakaanza kuimba. Nililia, Biira. Nilikuwa nalia na kubonyeza honi. Katika maisha yangu sijajivunia kitu kama nilivyojivunia ule mgongo.

Ulifika Ikweta wa mwisho kabisa. Maji yalikuwa yamekwisha, wasemaji walikuwa wamekwisha kusema. Askari walikuwa bado wamesimama pale kwenye zile duara za saruji zinazoonyesha mstari wa Ikweta, wakingoja watu waliobeba majina yao. Akatoka mwanamume mmoja kwa gongo, suruali imekunjwa chini ya goti. Ukampigia magoti, ukakitoa kitambaa ukampa. Alikitazama muda mrefu, kisha akajifunga shingoni kama skafu, na mkapigwa picha, ile iliyo kwenye simu yangu, ile niliyomwonyesha afisa wa forodha.

Mimi nilibaki ndani ya gari. Nilikuwa nimemjua kabla hajafika nusu ya njia.

Baadaye nikamwona kwenye kioo anakuja. Alizunguka nyuma ya gari, akasimama, akapitisha kidole juu ya rangi ya buluu. Halafu akaja dirishani kwangu. Tukatazamana.

"Gari imejaa?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nafasi iko."

Nikaondoa koti langu kitini. Lilikuwa pale pale, koti lile lile. Akapanda, gongo kati ya magoti, na wewe ukapanda nyuma na wenzako mkiimba. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na kambi yao.

"Ile rangi ulipaka mubaya," akasema. "Barua zinaonekana."

"Ndiyo, herufi zinaonekana," nikakubali.

"Huyu mutoto ni wako?"

"Wangu."

"Anajua?"

"Hajui."

"Mimi sikudai kitu," akasema. "Ile siku nilikutukana mpaka matusi ikaisha. Lakini huyu mutoto siku moja ataniuliza, na mimi siwezi kumudanganya. Amekimbia na jina yangu. Umuambie wewe mbele, kabla hajaniuliza."

Nikasema nitakuambia. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Ulimshika mkono akashuka, na tulipoondoka ukahamia mbele na kukaa pale alipokuwa amekaa, ukaniambia, "Papa, nataka kazi yake." Nusura niingize gari kwenye mtaro.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo Afande Bwambale amekuwa mtu wako. Ndiye aliyekuambia lini wanaandikisha, ndiye aliyekueleza namna ya kuandaa karatasi, na kesho utamkuta kambini, kwa sababu ndiye anayewafundisha wageni huduma ya kwanza. Unamsifu mezani, nami naitikia. Miaka mitatu nimengoja nafasi nzuri: nikasema amalize mtihani, nikasema apone homa, nikasema ipite Krismasi. Gari langu limekuwa likijaa kila mara.

Ijumaa nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Kumbe ndiyo sababu ya kuku." Hajasema zaidi ya hapo. Ila jana aliniwekea hii karatasi na kalamu juu ya kiti cha gari.

Sasa wewe ndiye utakayeshika kitabu. Ndilo jambo moja nitakalokuomba, na naomba kama mkulima, si kama baba. Siku utakapofika kwenye shamba lililolala chini, kuna mwanamume atakuuliza ripoti itashuka lini. Mjibu. Kama hujui, mwambie hujui. Kaa kidogo na mke wake pale pembeni kabla hujaanza kupima kwa hatua. Akikutukana, msikilize mpaka mwisho, ulivyowasikiliza watu wa sokoni. Najua unaweza, niliona kwa macho yangu. Mimi ningekuwa mtu mwingine kama yule askari angekaa dakika tano. Lakini hilo silitoi kama udhuru, maana yule niliyemwacha barabarani hakuwa hata yeye aliyeandika.

Nilifikiri kwa miaka mingi kwamba siku ile nilimnyima mtu lifti. Baada ya Muhokya nilijua nilikunyima wewe pia kitu: baba ambaye ungeweza kumuuliza lolote. Hasara hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu ulikuwa mtoto wa maswali, na mimi nilikuwa naogopa kila swali lako linaloanza na neno gari.

Mchana huu ulipokwenda kumuaga shangazi yako, nilichukua msasa nikaikwangua ile rangi ya buluu. Imenichukua saa nyingi kuliko nilivyodhani, na mikono inanuka. Maneno yako pale bado. Yamepauka, herufi ya mwisho imeliwa na kutu ya kweli, lakini yanasomeka.

Barua hii mama yako atakupa asubuhi pamoja na chai. Mimi nitakuwa humu garini, injini nimewasha, koti nimelivaa. Ukiamua kwenda na pikipiki mpaka stendi, nitaelewa, na nitazima injini bila kelele. Ukipanda, huna haja ya kusema neno lolote hadi Kikorongo, wala baada ya hapo. Ila tukifika kile kipande cha barabara, nitasimamisha gari nikuonyeshe mahali penyewe, kwa sababu hujawahi kupajua na mimi sijawahi kusimama.

Nikikushusha kwenye lango la kambi nitageuza gari kurudi nyumbani, na wewe na Afande Bwambale mtaliona kwa nyuma. Someni. Ninyi wawili ndio mtakaoniambia kama naweza kuendelea kutembea na maneno yale.

Papa yako,
Kule